Vifaa vya elimu jumuishi kwa shule za msingi Dodoma: vinavyomfikia mtoto na vinavyoishia kabatini

Si ajabu, katika shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, kukuta kabati la ofisini limejaa vitu vizuri visivyotumika: mashine ya nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa ya wasioona, bado ina nailoni yake, katoni ya mafuta ya kujikinga na jua yaliyopita muda, shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia, zisizo na betri. Vililetwa kwa hafla, vikapigwa picha, vikafungiwa. Ndiyo maana mapitio haya hayaulizi kama kifaa ni kizuri kikiwa dukani au mikononi mwa mfadhili. Yanauliza kama mtoto wa darasa la tatu anaweza kukitumia Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, bila kumwomba mtu mzima ufunguo.

Wasomaji tuliowalenga ni walimu wakuu, walimu wa vitengo na kamati za shule, kuanzia jijini hadi Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kama fedha bali hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Ukiwa na mfuko wa namna hiyo, kujua uanze na kipi kuna faida kuliko kujua kipi ni bora.

Kianze kile kisicho na bei: chati ya kupima macho. Hatuoni sababu ya shule kuomba msaada wa kitu chochote kabla haijajua ni watoto gani hawaoni ubao. Chati ya kutosha kwa uchunguzi wa shuleni haihitaji mistari kumi. Inahitaji herufi E moja, yenye urefu na upana wa milimita 17.5, kila mstari wake ukiwa na unene wa milimita 3.5, nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Mtoto anayeitambua kutoka mita 6 anaona angalau kiwango cha 6/12, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazuri hukiona akiwa mita 12. Ukiichapa kwenye duka la steshenari, pima kwa rula baada ya kutoka kwenye mashine, kwa sababu kompyuta nyingi hupunguza ukubwa zenyewe ili karatasi itoshe, na milimita 17.5 inageuka 16 bila mtu kugundua.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kata kamba ya mita 6 kwa futikamba, usihesabu hatua. Simamisha mtoto kivulini, chati iwe mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kwa sababu jicho lililokandamizwa huona ukungu kwa muda na matokeo yake hayatakuwa ya kweli. Geuza E juu, chini, kushoto, kulia. Yeye aonyeshe kwa mkono upande ambao miguu ya herufi inaelekea. Akipata 4 kati ya 5 amepita, kisha jicho la pili. Akishindwa, rudia siku nyingine; akishindwa tena, mwandikie mzazi barua ya kwenda hospitali. Kwa Chamwino, Hospitali ya Mvumi ina huduma ya macho ya siku nyingi.

Kinachoharibu zoezi hili ni foleni. Watoto hujipanga nyuma ya anayepimwa, wanasikia na kuona majibu, na wa kumi anafika akiwa amekariri. Waweke darasani, waitwe mmoja mmoja, na mfuatano wa E ubadilishwe kila mara. Kosa la pili ni kubwa zaidi: kupima, kuandika majina, kisha kunyamaza. Jina likishaandikwa, siku hiyo hiyo mtoto ahamishiwe dawati la mbele. Hilo halisubiri barua. Kwa shule za Kongwa, eneo ambalo vikope (trakoma), ugonjwa wa macho wa kuambukiza, vimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980, mwalimu anayepima aangalie pia nyuso zenye tongotongo na nzi, na shule ijiulize kama kuna maji ya kunawa uso, maana miwani haitibu vikope.

Sasa tuingie kwenye kifaa ghali kuliko vyote, mashine ya nukta nundu ya Perkins. Ni mashine ya chuma iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951. Umbo lake limebadilika kidogo mno tangu hapo. Ina vitufe sita vya nukta, vitatu kila mkono, na kitufe cha nafasi katikati. Kidole cha shahada cha kushoto hupiga nukta ya 1, cha kati ya 2, cha pete ya 3. Mkono wa kulia vivyo hivyo kwa 4, 5 na 6. Pembeni kuna kitufe cha kushuka mstari na cha kurudi nyuma. Karatasi yake pana ya kawaida huchukua mistari 25 ya seli 42, seli ikiwa ni nafasi ya nukta sita za herufi moja. Kwa ubora wa maandishi haina mpinzani: nukta zinasimama, mtoto anasoma palepale alichoandika bila kuitoa karatasi, na katika hesabu za kupanga wima, za kujumlisha na kutoa kwa mafungu, hakuna kifaa rahisi kinachomfaa mwanafunzi asiyeona kuliko hiki.

Lakini ina uzito wa karibu kilo 4.8. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuibeba kila asubuhi kutoka bwenini, na akiibeba ataiangusha. Mashine iliyoangushwa mara moja kwenye sakafu ya saruji huanza kupiga nukta upande mmoja kwa nguvu na upande mwingine kwa unyonge. Iwe na meza yake darasani, meza bapa. Madawati yetu ya mteremko huiteremsha taratibu hadi ukingoni. Chini yake weka kipande cha sponji au kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, kwa sababu mlio wake juu ya mbao tupu huwatoa wenzake kwenye somo, na mtoto anayejua kwamba anawakera wenzake huacha kuandika.

Malalamiko mengi kuhusu mashine hii ni ya uwekaji wa karatasi. Kwanza sogeza kichwa cha kupigia hadi kushoto kabisa. Vuta vishikizo viwili vya karatasi kuelekea kwako, ingiza karatasi ikiwa imenyooka na kugusa kizuizi cha kushoto, rudisha vishikizo, kisha zungusha vifundo vya pembeni hadi karatasi ikatae kwenda. Hapo bonyeza kitufe cha kushuka mstari mara moja. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. Mtoto anaandika, karatasi haijakaa sawa, mistari inapishana au kupandana, mwalimu anasema mashine ni mbovu. Nukta zikiwa hafifu, kabla ya kulaumu mashine angalia karatasi. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya nukta nundu ni nzito karibu mara mbili. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita, zile nene zisizong'aa sana, zinafaa kwa mazoezi, na ofisi za mjini Dodoma hutupa marundo yake kila Januari. Ziombeni.

Adui wake mkubwa hapa kwetu ni vumbi. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma hauna simile, na darasa lenye madirisha ya nondo bila vioo hupokea vumbi lote. Mashine ifunikwe kila inapoachwa, hata kwa mapumziko ya dakika 20. Vitufe vikianza kunata, usiweke mafuta ya cherehani, na ya kula ndiyo usithubutu. Mafuta hushika vumbi, vumbi na mafuta vinakuwa gundi, na mashine iliyokuwa ikinata kitufe kimoja inanata vyote sita. Isafishwe na fundi aliyefundishwa. Shule ya wasioona ya Buigiri, iliyoanza mwaka 1950, iko Chamwino. Kabla ya kununua mashine nendeni mkaulize walimu wanaoishi nazo wanazipeleka wapi zikiharibika. Mfadhili akiuliza anunue mashine ngapi, jibu letu ni hili: akiwa na fedha za mashine tatu, anunue mbili, fedha ya ya tatu iwe karatasi na matengenezo.

Mfadhili huyo pia asiache vibao. Kibao cha nukta nundu na kalamu yake ya msumari ni kifaa kinachodharauliwa bila sababu. Kinaingia kwenye mfuko wa kaptula, hakina kitu cha kuharibika, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya mashine. Tatizo lake ni kwamba mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, kisha hugeuza karatasi ili asome. Kosa haligunduliki hadi karatasi itoke. Mwanzoni ni kazi ya kuchosha, hasa kwa mtoto aliyepoteza kuona akiwa tayari anajua herufi za kawaida. Hata hivyo linganisha hali mbili. Darasa la wanafunzi wanne wasioona wenye mashine moja ni darasa la watatu wanaosubiri. Wanne hao hao wakiwa na kibao kila mmoja, na mashine moja ya hesabu na mitihani, wote wanaandika. Tunapendekeza hali ya pili bila kusita. Vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Maombi yapitie kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, na mtenge rafu mapema, kwani kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa mazito kikiwa cha nukta nundu.

Kwa watoto wenye ualbino, vitu viwili vinavyogawiwa sana ni kofia na mafuta ya kujikinga na jua. Vyote viwili ni vya lazima na vyote viwili hutumiwa vibaya. KiliSun, inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, ina kinga ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 na kuendelea, na ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa sababu imetengenezwa kwa ngozi hiyo na kwa jua hili. Losheni za madukani za kiwango hicho zinafaa pia, mradi tarehe iwe hai na chupa isiwe imekaa dirishani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na miezi mingi haina hata wingu. Anayesema leo kuna upepo hivyo jua si kali, anachanganya joto na miale.

Kiasi ndicho kinachokosewa. Uso, masikio na shingo vinahitaji mafuta yaliyomiminwa kwa urefu wa vidole viwili, shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha. Mikono inahitaji chake. Yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka juani na yarudiwe kila baada ya saa mbili, au mara baada ya kunawa au kutoka jasho. Sehemu zinazosahauliwa ni zile zile kila mara: nyuma ya shingo, ncha za masikio, migongo ya viganja, midomo, na migongo ya miguu kwa anayevaa kandambili. Wako wazazi wanaompaka mtoto usiku kama mafuta ya mwili. Waelezwe kwa upole kwamba usiku hayana kazi.

Mkipaka kwa kiasi hicho mara mbili kwa siku ya shule, mtoto wa darasa la nne atamaliza karibu mililita 10. Chupa ya mililita 100 ni ya wiki mbili za masomo. Mwaka wa shule wenye siku 194 unataka chupa kama 20 kwa mtoto mmoja. Wekeni hesabu hiyo mbele ya kila anayekuja tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, akiwa na chupa tatu na kamera. Chupa tatu ni za mwezi na nusu. Mafuta ya shuleni yakae darasani, kwenye ndoo yenye mfuniko mahali pa baridi, na yawe yanapakwa kengele ya mapumziko inapogongwa. Yakikaa ofisini, mtoto mwenye aibu hataenda kuyaomba.

Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo si kofia ya ualbino. Inaacha masikio na shingo, yaani pale hasa vidonda vinapoanzia. Mafundi wa cherehani wa soko la Majengo wanaweza kushona kofia pana ya kitambaa kizito cha sare, na ikiwa na rangi ya sare mtoto haonekani kama mgeni mstarini. Mashati yawe ya mikono mirefu, hata kama sare ya shule ni mikono mifupi. Hapa shule nyingi hukwama kwa kanuni ya sare, jambo ambalo hatulielewi: mwalimu mkuu anayeweza kufupisha mstarini kwa sababu ya mvua anaweza kurefusha mikono ya shati moja. Na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mtoto huyo asipangiwe kufyeka, kumwagilia au kukimbia uwanjani. Apewe zamu za kivulini zenye hadhi ileile, mathalani kusimamia maktaba, si kukaa bure akiangalia wenzake.

Mafuta hayasaidii macho, na karibu watoto wote wenye ualbino wana uoni hafifu. Dawati la mbele, lakini lisilotazama dirisha. Ubao uwe mweusi kweli. Uliochakaa ukawa wa kijivu hauonyeshi chaki kwa mtu yeyote, sembuse yeye. Chaki nyeupe au njano, nyekundu na buluu ziachwe. Apewe ruhusa ya kudumu ya kusogea hadi ubaoni bila kunyoosha kidole. Maandishi ya ukubwa wa 18 hadi 24 yanawatosha wengi wao, na Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya maandishi makubwa na kuongeza muda, ilimradi shule imewasajili mapema na kutaja mahitaji yao.

Shimesikio tutazigusa kwa ufupi, kwa sababu ushauri wetu ni mfupi: msipokee shimesikio zisizo na mpango wa betri na wa kipande cha sikioni. Betri zake ndogo hudumu wiki moja hadi mbili, na zikishabanduliwa karatasi ya nyuma huendelea kuisha hata zisipotumika. Hewa kavu ya kiangazi chetu huzimaliza upesi zaidi. Kipande cha sikioni hutengenezwa kwa sikio la mtoto mmoja, naye anakua. Kikilegea, kifaa kinapiga mluzi na mtoto anakivua. Kwa mtoto kiziwi kabisa hakisaidii. Anahitaji mwalimu na wenzake wanaojua Lugha ya Alama ya Tanzania. Na mvua ikinyesha juu ya bati, simamisheni kusoma kwa sauti, andikeni ubaoni.

Rampu, njia ya mteremko ya kupitishia kitimwendo, ndiyo kitu kinachojengwa vibaya kuliko vyote, na kosa ni la hesabu ya darasa la tano. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Msingi wa darasa ukiwa na kimo cha sentimita 45, rampu iwe na urefu wa mita 5.4. Zinazojengwa mara nyingi zina mita moja na nusu, kwa sababu fundi mwashi ameambiwa aweke rampu na hakuambiwa zaidi. Mteremko huo ni 1 kwa 3.3, mtoto hawezi kuupanda mwenyewe, na anayemsukuma akiteleza wote wawili wanarudi kinyumenyume. Kama uwanja ni mfupi, ikunjwe kona, na kwenye kona kuwe na jukwaa bapa la mita 1.5 kwa 1.5. Jukwaa kama hilo liwepo juu pia, mbele ya mlango, ili kiti kitulie wakati mlango unafunguliwa. Upana mita 1.2, kingo za sentimita 10 kuzuia gurudumu lisitoke.

Msipige niru, ule mpako laini wa saruji. Niru inapendeza siku ya uzinduzi, na mvua ya kwanza ya Desemba inaigeuza utelezi. Zege likiwa bado bichi lichorwe kwa fagio gumu, mistari ikikatisha njia. Halafu angalieni mguu wa rampu, pale saruji inapokutana na ardhi. Maji yanayoteremka huchimba udongo hapo, na kufikia Februari kuna ngazi ya sentimita kumi ambayo haikuwepo kwenye mchoro. Mwageni zege la ziada la mita moja mbele yake tangu mwanzo. Mwisho pitisheni kiti chenyewe mlangoni. Milango mingi ya madarasa ina kizingiti, na rampu nzuri inayoishia kwenye kizingiti cha sentimita tano haijafika.

Choo kina mambo yake. Viwango vya nchi vinataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini tundu la mwenye ulemavu mara nyingi lipo kwenye hesabu tu: ndani kuna majembe, mifagio na ndoo ya rangi, na mlango una kufuli. Sababu inayotolewa ni kwamba watoto wengine watalichafua. Basi lisafishwe mara nyingi zaidi kuliko mengine, maana mtoto anayetambaa anaingia humo kwa viganja vyake. Mlango wa sentimita 90 ufunguke kwa nje, ili akianguka nyuma yake aweze kufikiwa. Vishikio vya bomba la chuma viwekwe pande zote mbili, kimo kipimwe kwa mtoto mwenyewe akiwa amekaa, si kwa fundi. Kuhusu kibuyu chirizi, chombo cha kunawia kinachoning'inizwa, ambacho tunakipenda kwa usafi na kwa bei, kina kasoro moja hapa: kinaendeshwa kwa mguu. Mwenye kitimwendo hawezi kukikanyaga. Karibu yake iwekwe ndoo ya koki kwenye kimo cha sentimita 60 hadi 70, na suala limekwisha.

Kwa kitimwendo, kanuni ya kwanza ni kukataa kile cha hospitali. Vile vyenye magurudumu madogo mbele vimetengenezwa kwa sakafu ya vigae. Kwenye mchanga wa Bahi gurudumu dogo huzama na mtoto huruka mbele. Cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja lililosogezwa mbele zaidi, cha aina iliyosambazwa na shirika la Motivation, hupita kwenye njia mbaya. Kanuni ya pili ni tairi. Mbigili na miba ya migunga ya huku haichagui. Tairi za upepo za saizi ya baiskeli zinatoboka, lakini fundi baiskeli yeyote kijijini anaziziba. Tairi za mpira mgumu hazitoboki, ila zinatikisa mgongo wa mtoto njia nzima na zikimeguka hazina mbadala karibu. Tunachagua za upepo, pamoja na pampu, viraka na tyubu mbili za akiba kwenye mfuko nyuma ya kiti. Kiti kipimwe: magoti yakunjike pembe mraba, miguu ikanyage ubao, nyonga zisielee. Mtoto asiyehisi nyonga, kama wengi waliozaliwa na mgongo wazi, asikalie sponji ya kawaida. Ndani ya miezi michache imelala na kidonda kimeanza. Afundishwe kujiinua kwa mikono kila nusu saa, na mama akague ngozi kila jioni.

Mabango ya nyuso za furaha na huzuni yanayouzwa kwa ajili ya madarasa ya awali ni mapambo mazuri. Msitegemee zaidi ya hapo.

Sanduku la maoni, kwa upande mwingine, ni kifaa cha ustawi chenye uwezo mkubwa kwa gharama ya mbao na kufuli mbili, na pia ndicho chenye uwezo wa kudhuru. Fundi seremala analimaliza kwa siku moja: tundu la juu sentimita 12 kwa 1.5, ili mkono usiingie. Kufuli ziwe mbili zenye funguo tofauti, mmoja kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, mwingine kwa mzazi wa kamati ya shule, bora awe mama. Lisiwekwe mbele ya ofisi. Liwe kwenye njia ya kwenda majini, mahali watoto wanapopita kwa sababu nyingine. Lifunguliwe kila Ijumaa, kila karatasi ipewe namba kwenye daftari, iandikwe hatua iliyochukuliwa na tarehe. Karatasi ya ukatili haisubiri Ijumaa ya pili. Siku hiyo hiyo iende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Zinazolalamikia viboko zilinganishwe na daftari la adhabu, kwa kuwa kanuni za 2002 za adhabu ya viboko shuleni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe.

Sanduku hufa siku karatasi moja inaposomwa mstarini kwa sauti. Hata bila hilo, watoto humwona anayetumbukiza. Dawa yake ni kila mwanafunzi kupewa kipande cha karatasi Alhamisi na wote watumbukize, aliye na neno na asiye na neno. Nyingi zitakuwa tupu au za michoro ya magari, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wa darasa la kwanza na la pili wasioweza kuandika wachore, na mwalimu wa unasihi awaite kwa zamu, wote, ili anayeitwa asitiliwe shaka.

Kuna pengo moja ambalo sanduku halizibi. Karatasi ya nukta nundu inasomwa na mwalimu wa kitengo peke yake, na waandishi wake shuleni ni wanne au watano, hivyo haina siri. Kama lalamiko ni juu ya mwalimu huyo, mtoto hana pa kulipeleka. Vivyo hivyo mtoto kiziwi anayetegemea mkalimani mmoja. Kabla sanduku halijazinduliwa, halmashauri itaje msomaji wa nukta nundu na mkalimani wa alama kutoka nje ya shule, waje angalau mara moja kwa muhula na kukaa na watoto hao bila walimu wao. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, ichorwe ukutani kwa rangi ya mafuta na ikaririwe darasani pamoja na wasioona. Lakini mtoto wa msingi hana simu, na kiziwi hawezi kupiga. Kwa hiyo kamati ya shule iwataje watu wazima wawili wa mtaani, mwanamke na mwanamume, ambao mtoto anaweza kuazima simu zao bila kuulizwa anampigia nani.